Uliyemshusha kwenye Simu ni Mama Yangu

Omondi,

Begi lako nimelifunga mimi. Usiniulize kama lile shati la bluu limo, sijui. Nilikuwa nakunja nguo kwa hasira, na mtu mwenye hasira haangalii anakunja nini. Begi liko kando ya mlango, na barua hii nimeiweka juu yake ili usiweze kuliinua bila kuishika.

Baba yako anasema nikuache. "Mama Omondi, kijana anaenda kazi. Wacha aende na roho safi," ameniambia mchana tukila. Nimemuuliza hiyo roho safi inauzwa stendi gani. Akamaliza ugali wake, akaenda kulala. Wewe nawe umetoka kuaga rafiki zako. Nimebaki na meza, kalamu na jioni nzima, na nitasema yote.

Mambo ya kufua, kupika na kuamka mapema umeyasikia tangu uko shule ya msingi, siyarudii. Nairobi kuna baridi, utaijua ukifika. Mimi nataka kuongea nawe habari ya kazi, kwa sababu kazi unayoiendea ndiyo kazi yangu. Mimi ndiye niliyekuketisha mbele ya kompyuta kule ofisini Kibuye wakati miguu yako ilikuwa bado haifiki sakafuni, nikakuonyesha jinsi ukurasa wa tovuti unavyojengwa, kipande juu ya kipande. Nilidhani nimekufundisha vizuri. Kisha mwezi uliopita tukamzika baba yangu kule Asembo, na ukurasa wa mazishi ulioujenga wewe ukamweka mama yangu, mikayi wa boma lile, mke wa kwanza, chini ya mke wa tatu. Ilikuwa mbele ya kaburi, mbele ya kanisa, mbele ya ukoo na majirani wote.

Nilikuuliza siku ileile, tumesimama nyuma ya hema. Unakumbuka ulivyonijibu?

"Lakini Mama, kwa laptop yangu iko sawa."

Jibu hilo nimekaa nalo mwezi mzima. Nikiosha vyombo linanijia. Nikiwa na mteja ofisini linanijia, nakosea hata kumhesabia kurasa anazotaka. Kwa laptop yako iko sawa. Kwani babu yako tulimzika ndani ya laptop yako?

Nakwambia linaniuma kwa sababu hata mimi nilishawahi kulisema, tena neno kwa neno. Kabla hujazaliwa nilikuwa mhudumu wa saiba kule Nyalenda, chumba kimoja cha mabati, kompyuta chache na feni iliyopiga kelele kuliko upepo iliotoa. Kazi yangu ilikuwa kuwapigia watu barua za kuomba kazi. Wateja wakikosekana, najifundisha kujenga tovuti. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye hoteli ya samaki ufuoni. Nilimpigia picha za ngege waliokaangwa, za ziwa, za viti vyake vya plastiki, nikazimwaga zote kwenye ukurasa wa mbele, kubwa vilevile zilivyotoka kwenye kamera. Kwenye kompyuta ya saiba zilifunguka mara moja, kwa sababu zilikuwa tayari zimo ndani yake. Mzee akaja, akatazama, akacheka kwa furaha, akaniletea samaki nyumbani.

Hakukaa sana akarudi. "Nyar Asembo," akaniita, kwa kuwa alijua mimi ni binti wa huko, "watu wananiambia hoteli yangu ni nyeupe tu." Sikumwelewa. Akatoa simu yake, akafungua tovuti. Nyeupe. Tukangoja. Nyeupe. Salio lake likaisha tukiwa tumesimama pale mlangoni, na hatukuona hata mkia wa samaki. Nami bila haya nikamwambia, "Mzee, hiyo ni simu yako. Kwa kompyuta yangu iko sawa." Alinitukana kwa Kijaluo maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, akaondoka, na hakunipa kazi tena mpaka alipouza ile hoteli. Alikuwa na haki ya kila tusi.

Tangu hapo nilijifunza kupunguza uzito wa kila picha kabla haijagusa ukurasa. Nikanunua pia ile simu mbovu iliyopasuka kioo, ninayoiweka kwenye droo ya ofisi. Wewe umeicheka miaka yote. "Mama, hii peleka makumbusho." Lakini hakuna tovuti iliyotoka ofisini kwangu kabla sijaifungua kwenye simu ile, nje, juani, kwa mtandao dhaifu, nimesimama kama wateja wa wateja wangu wanavyosimama. Mama anayepima dagaa wa omena Asembo Bay hafungui tovuti akiwa kwenye kiti cha kuzunguka. Ana mkono mmoja uliolowa na mwingine ulioshika simu, jua limempiga usoni, na mtu anamsubiri. Anataka namba ya kupiga, bei, na mahali mlipo. Ukimwandikia kwa kijivu kile chepesi mnachokipenda nyinyi vijana, kijivu juu ya nyeupe, yeye haoni chochote, na hatakupigia kukuuliza uliandika nini. Atafunga aende kwa mwingine.

Najua Nairobi watakucheka ukisema haya. Watakuonyesha kurasa zinazojifungua zenyewe, picha zinazoelea, vitufe vinavyojificha mpaka uviwinde. Sikukatazi kuzijenga, mwajiri ni mwajiri. Lakini kabla hujaenda nyumbani jioni, toa simu mbovu. Na fomu ya watu kuandika ujumbe, ukiiweka, iandikie wewe mwenyewe, kisha nenda kwa mwenye tovuti umuulize ameuona wapi ujumbe wako. Niliwahi kuwawekea shule moja fomu, na ujumbe wa wazazi ukawa unaingia kwenye sanduku la barua pepe la mwalimu aliyekuwa ameshahama. Muhula mzima wazazi wanadhani mwalimu mkuu anawadharau, na mwalimu mkuu anadhani wazazi hawana haja na watoto wao. Mimi niko katikati, najisifu kwamba fomu ni nzuri.

Siku uliyomaliza ukurasa wa babu yako hukutoa simu kwenye droo. Mimi pia sikuitoa. Hilo nalisema sasa ili usije ukadhani nimekaa hapa juu ya kiti cha hakimu.

Wazo lako lilikuwa zuri, sitalificha. Boma la mzee wa Kijaluo unalijua. Ukiingia langoni, nyumba unayokutana nayo pale mbele, juu, ni ya mikayi. Ya nyachira, mke wa pili, iko upande mmoja, na ya reru, mke wa tatu, iko upande mwingine. Wewe ukazipanga picha za wajane vivyo hivyo: Dani yako, bibi aliyenizaa mimi, katikati, picha yake kubwa na imeinuliwa kidogo, nyachira kulia, reru kushoto. Mtu akifungua ukurasa ni kama ameingia langoni kwa babu. Ulinionyesha kwenye kile kioo kikubwa cha ofisini, na mimi nikalia. Nikakuita fundi mbele ya wateja. Nikautuma kwa kamati ya mazishi, nikawaambia waache kuchapisha programu za karatasi, kila kitu kiko kwenye tovuti na kila mtu ana simu. Maneno hayo ni yangu, si yako. Ndiyo maana nikikukaripia, jua yuko mwingine anayekaripiwa hapa mezani, na yeye hana basi la kupanda.

Lakini jambo lenyewe ulilijua, Omondi. Hilo ndilo linaloniwasha. Ni jambo la mwanzo kabisa, nilikufundisha ukiwa kidato cha pili. Kwenye kioo kipana vipande vitatu hukaa ubavu kwa ubavu. Kwenye simu havitoshei, basi huteremka, kimoja juu na kingine chini, kwa kufuata ulivyovitaja ndani ya msimbo, pale ambapo mgeni haoni. Wewe ulivitaja kuanzia kushoto kwenda kulia, reru, mikayi, nyachira, kwa sababu ulikuwa unachora. Ungevitaja kwa heshima yao, mikayi, nyachira, reru, kisha ukaamuru kioo kipana kimpeleke mikayi katikati, kingekutii. Kingekutii bila kazi ya ziada! Taja kwanza kilicho cha kwanza, mapambo yafuate. Mtu kipofu anayesomewa ukurasa na simu yake anausikia kwa mpango huohuo. Mtu mwenye mtandao uliokwama anapata mpango huohuo. Nilikwambia haya mara ngapi? Ukaniambia, "Najua, Mama." Ulikuwa unajua, ndiyo. Hukufanya.

Emsii wa mazishi hakuwa mtu wa kwetu, hilo nalo ulilijua. Kamati ilimtoa huku kwetu Kisumu mjini kwa sababu ana sauti nzuri na hacheleweshi watu. Hakujua nani ni nani pale chini ya hema. Jeneza likashushwa, wimbo ukaisha, akaisukuma simu yake kwa kidole gumba, akashika kipaza sauti.

"Sasa tunaomba wamama wajane wakuje waweke mchanga, vile wamepangwa kwa programu. Tunaanza na Mama Konsolata."

Mama Konsolata ni reru. Aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena. Nilimwona akimtazama mama yangu, na wala si mtu mbaya. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Emsii, hebu angalia vizuri hiyo kitu!" Emsii akaangalia vizuri. "Ni vile iko hapa, wazee wangu. Sijaongeza kitu. Mama Konsolata, karibu." Hapo watu wakatoa simu zao. Niliwaona, Omondi, safu nzima ya wazee wa ukoo wameinamisha vichwa wanatafuta, na simu ya kila mmoja ikasema vilevile, wakadhani ndivyo familia ilivyoamua. Mama Konsolata akasukumwa na shemeji yake mmoja, akaenda, akachukua udongo, akautupa.

"Mama Dorka."

Mama yangu hakuinuka. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Mama, twende." Akajibu bila kunitazama, "Jua ni kali. Nitakaa." Emsii akaita tena, akangoja, kisha akamwita nyachira na shughuli ikaendelea. Mama yangu aliolewa na mzee yule akiwa msichana. Alimpikia, alimuuguza, alimkogesha wiki zake za mwisho kwa mikono yake. Siku ya kumzika hakumtupia hata konzi moja ya udongo.

Wewe wakati huo ulikuwa wapi? Ulikuwa umesimama kule kwenye spika, unahakikisha mtandao haukatiki.

Labda unasema moyoni kwamba Mama anakuza mambo, ni majina tu na picha. Basi kaa nikwambie kitu ambacho nyumbani hatukizungumzi. Mama yangu alizaa mabinti watupu, mimi na dada zangu. Wenzake pale bomani wana watoto wa kiume wenye nyumba zao ndani ya ua, wenye sauti kwenye kikao. Sisi tuliolewa, tukaenda. Nimekua nikimsikia akisemwa, na yeye akijifanya hasikii. Kitu kimoja tu ndicho ambacho hakuna aliyeweza kumwondolea, nacho ni kwamba alitangulia. Msimu wa kupanda ukifika, shamba la kwanza kutiwa mbegu ni lake. Hakuna mke mwingine anayeshika jembe kabla yake, hata awe na wana kumi. Hiyo ndiyo heshima yake yote, hana nyingine. Wanaume wa boma lile na midomo yao hawakuweza kuigusa. Aliyekuja kuigusa ni mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa binti yake, aliyelala kwake kila likizo.

Jioni ile ukaingia kwenye gari na kompyuta yako. Hukukaa sana, ukashuka na kuninyooshea simu. "Mama, check sasa. Iko sawa." Nikatazama. Mikayi, nyachira, reru. Iko sawa wapi? Kaburi lilikuwa limeshafunikwa na watu wanakula. Kosa la dakika chache, umelirekebisha kwa dakika chache, na kwako likaisha. Mama yangu alikuwa hatua chache kutoka pale, ndani ya nyumba yake, na hukugonga.

Hata hapo nilikuwa sijakasirika sana, amini usiamini. Kosa la mazishini lilikuwa letu wote wawili na nilijua. Hasira yangu ilianza wiki iliyofuata, uliporudi kutoka kwenye usaili. Uliingia umeng'aa. Uliniambia umewafungulia wale mabosi ukurasa wa babu, kwenye kioo kinachofunika ukuta mzima, na wakapiga makofi. "Hiyo idea ya boma imewabamba sana, Mama. Wamesema hawajawahi ona kitu kama hiyo." Nikakuchinjia kuku. Nikacheka nawe. Usiku nikajiuliza nimecheka nini. Ukurasa uleule. Picha ileile ya mama yangu, katikati, imeinuliwa, inakutafutia kazi Nairobi, na yeye mwenyewe huko Asembo hujampigia hata kumsalimia.

Sikukatazi kujivunia kazi yako. Nakuuliza tu kama uliwaambia wale mabosi kilichotokea. Hukuwaambia. Ningekuwa mimi ningewaambia, na kama wana akili wangekuajiri kwa sababu hiyo hasa.

Ngoja. Nimeandika "ningewaambia" na nimejishika. Si kweli kwamba nimekuwa hivyo siku zote.

Wewe ulizaliwa alfajiri, ndiyo maana unaitwa Omondi. Siku hiyohiyo tovuti ya mama mmoja mshonaji ilizimika. Nilikuwa nimesajili jina la tovuti yake kwa barua pepe yangu mimi, nenosiri langu mimi, kwa uvivu, na pia, nikwambie ukweli, kwa kutaka asiweze kuniacha aende kwa mtu mwingine. Muda wa jina ukaisha nikiwa wodini nakuzaa. Ilikuwa wakati wa shule kufunguliwa, naye ana sare amezirundika hadi dirishani. Akaja mpaka kitandani kwangu, akasimama hapo na uchungu wake, wewe umelala kifuani pangu. Nikamwambia nitashughulikia. Kisha nikamtuma baba yako aende akamwombee msamaha kwa niaba yangu. Nilimtuma baba yako! Nilikuwa na sababu, mtoto mchanga ni sababu nzuri kabisa. Nilipopona nikawa na sababu nyingine, na nyingine. Sijawahi kwenda. Mpaka leo tukikutana naye sokoni anamsalimia baba yako vizuri, anamuuliza habari za watoto, na mimi ananipita.

Kwa hivyo kila mteja wako, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lake, na funguo zote umkabidhi mkononi. Kama anakupenda atabaki. Hilo ni la kazi. La pili unaliona mwenyewe bila mimi kuliandika, na kama hulioni endelea kusoma.

Leo asubuhi nilimpigia Dani yako kumwambia unasafiri.

"Anaenda lini?" akaniuliza.

"Kesho, Mama."

"Aende salama. Mwambie mimi sina neno na yeye. Mtoto aliandika vile anaona."

Omondi, nilikuwa nimesimama, nikakaa. Vile anaona. Mwezi mzima nilidhani amekasirika kwa sababu ya aibu ya siku ile, mbele ya watu. Kumbe amekaa nyumbani kwake akiamini kwamba mjukuu wake alimtazama, akamtazama na reru, akapima, akaamua. Kwamba yale yaliyosemwa na watu wa boma maisha yake yote, hata wewe unayasema.

Nikaanza kumweleza tena. Kioo kipana, kioo chembamba, vipande vinavyoteremka. "Nimesikia," akasema, kwa ile sauti anayowajibia watu wanaopita wakiuza dawa za mizizi. Nikamwambia, "Mama, nakwambia ni makosa ya kompyuta, si ya mtoto."

"Kwani kompyuta inanijua mimi?" akasema. "Anayenijua ni Omondi."

Akakata simu. Nikampigia mama yako mdogo aliyebaki naye tangu mazishi, nikamuuliza Mama anaendeleaje kwa kweli, si yale ya kujibu kwa simu. Akaniambia wanavyoishi. Unajua babu yako amelala kando ya nyumba ya mikayi, hatua chache tu ukitoka mlango wa mbele. Tangu tulipoondoka, mama yangu hajatumia mlango huo. Anatoka kwa mlango wa jikoni, anazunguka nyuma ya ghala na zizi, ndipo afike langoni. Hata kanisani anaenda kwa kuzunguka. Mwanamke wa umri ule, na goti lile, anazunguka nyumba yake mwenyewe asipite kwenye kaburi la mume wake, kwa sababu hakumuaga ipasavyo na anaona aibu kumpita.

Haya. Nimeshaenda stendi, nimebadilisha tiketi yako. Basi lako si la kesho tena, ni la kesho kutwa. Unaweza kukasirika, nitakukuta hukohuko kwenye hasira, nina uzoefu. Huko kazini wapigie uwaambie una shughuli ya familia. Kesho asubuhi unaenda upande ule mwingine, unapita Kisian, unaenda Asembo.

Kompyuta iache nyumbani. Usimweleze habari ya vioo, mimi nimeshaeleza na umeona ilivyosaidia. Usimwonyeshe kwamba sasa imerekebishwa. Usiseme "kulitokea shida kidogo," na ukithubutu kusema "ni simu" nitajua, sijui nitajuaje lakini nitajua. Mwambie, "Dani, majina niliyaandika mimi, na wakati nayaandika sikukufikiria wewe." Ndiyo kweli yenyewe, nayo ni mbaya, lakini si mbaya kama ile anayoiamini yeye. Itakuwasha mdomoni. Iseme kwa Kijaluo, na kile Kijaluo chako cha mjini avumilie. Kisha nyamaza. Usijaze kimya chake na maneno. Anaweza kukaa asikujibu. Anaweza kukwambia ukachote maji, au uangalie ng'ombe wamefungwa wapi. Nenda ukachote. Rudi ukae.

Mimi sitakuja nawe. Nimefikiria, nimevaa viatu hata, nikavivua. Nikija nitaongea, najijua, nitakuombea msamaha kabla hujafungua kinywa, na wewe utasimama nyuma yangu kama baba yako alivyosimama mbele ya yule mshonaji akiwa na maneno yasiyo yake. Dani hataki maneno yangu. Ameshayasikia.

Ukimaliza na ukiona amelegea, mwombe akusindikize mpaka langoni, kwa kuwa unaenda mbali. Usimwambie mlango gani. Simama tu, chukua kofia yako, nenda kwa mlango wa mbele, ufungue, ungoje hapo.

Akitoka nawe kwa mlango huo, nipigie papo hapo, hata kama niko na mteja. Asipotoka, usinipigie. Funga mlango, rudi ndani, ukae. Basi lako nitalibadilisha tena.

Mama yako